Ndege za kivita za manowari: ukiongeza injini, unalipia wapi?

Kuna ubishi haufi kwenye vijiwe vya huku Mwanza, ukipita Kirumba au pale Makoroboi utaukuta, ndege ya jeshi ikikatiza juu ya ziwa na kelele zake basi watu wanaanza, ipi kali, ya Mmarekani, ya Mrusi au ya Mchina, na wa kwanza kutaja spidi kubwa ndo kashinda. Mach ngapi, yaani mara ngapi ya spidi ya sauti? Mbili nukta tatu. Kesi imefungwa, lete kahawa nyingine.

Mimi nakuja na neno la kuwakera wapenda spidi. Kwa ndege ya kivita inayoishi kwenye meli, ile spidi ya juu kabisa ni ya kuandika kwenye vipeperushi. Injini yake inahukumiwa pale ndege inapokuwa polepole, inapotupwa toka melini imejaa mafuta na makombora, halafu tena inaporudi kutua. Na ukitaka kuibadilishia injini uweke yenye nguvu zaidi, hiyo nguvu utailipia mahali, iwe kwenye uzito, kwenye mafuta, kwenye joto, kwenye deki ya meli yenyewe au mfukoni, na mara nyingi unalipia kote kwa pamoja. Wavuvi wa Mwaloni wanalijua hili bila kusoma popote, boti iliyochongwa kwa ajili ya injini ya 15 ukiifunga ya 40 shetri inalala, mbao za nyuma zinaanza kufunguka, na pale pa kuweka dagaa pamejaa madumu ya petroli.

Sasa vipimo kwanza, maana bila vipimo mtu haoni shida iko wapi. Ile MV Mwanza yetu ina urefu wa mita 92.6. Manati ya mvuke, yaani mtambo wa kuirusha ndege toka kwenye deki, kwenye manowari za Marekani za kubebea ndege za aina ya Nimitz inakimbia kama mita 94 hivi. Yaani chukua ndege ya tani 25 au 30, iweke shetri ya MV Mwanza, ikifika omo iwe na kilomita 250 kwa saa au zaidi, na yote hayo kwa sekunde mbili na ushee. Manati ndo inafanya kazi kubwa ila ikishaiachia ndege, mbele ni maji matupu na rubani amebaki na injini zake tu, moja ikizima sekunde hiyo basi ile iliyobaki iibebe ndege nzima, la sivyo waliomo wajirushe nje na viti vya dharura.

Kutua nako kuna mambo. Kwenye deki kuna waya tatu au nne zimetandazwa, ndege ina ndoano mkiani inayotakiwa kunasa mmoja wapo. Ungedhani rubani akigusa deki anapunguza moto, hapana, anausukuma mkono wa moto mpaka mwisho, kwa sababu ndoano ikikosa waya zote deki inaisha sasa hivi na inabidi aruke upya. Kwa hiyo injini inayochelewa kuitikia, hata iwe na nguvu za kutisha, huku haifai. Ongeza chumvi ya bahari inayokula vyuma, ongeza mvuke wa manati unaoingia mdomoni mwa injini, afu kumbuka kwamba karakana ya injini iko humo humo chini ya deki na kila kipuri kililetwa kwa meli au ndege.

Injini yenyewe kwa ufupi. Hewa inaingia mbele, kompresa inaibana hatua kwa hatua, mafuta yanachomwa humo, moto unatoka nyuma ukizungusha turbaini inayozungusha kompresa, mzunguko unaendelea. Zile za zamani hewa yote ilipita kwenye moto. Za baadaye zina feni kubwa mbele, sehemu ya hewa inapita pembeni bila kuchomwa, na hiyo inasaidia kula mafuta kidogo na kusukuma vizuri ndege ikiwa chini na polepole, ila injini inanenepa, na injini nene inataka mdomo mpana na bodi pana, na bodi pana inakamatwa na upepo ukienda kasi. Hapo nyuma kuna aftabana, ambako unamwaga mafuta mengine kwenye moto unaotoka tayari, msukumo unapanda ghafla lakini mafuta yanaondoka kama yamemwagwa chini. Kompresa nayo ina ugonjwa wake, hewa ikiingia kwa vurugu, labda ndege imeinua pua sana au imeenda kiubavu, hewa ndani inakataa kubanika, injini inakohoa kwa mlipuko na inaweza kuzima. Shikeni hilo la kukohoa.

Jeshi la maji la Marekani lilianza kuumia na injini mapema. Miaka ya 1950 walikuwa na ndege inaitwa F3H Demon ya McDonnell, wakaipangia injini ya Westinghouse, J40, ambayo kwenye karatasi ilikuwa moto. Kwenye ukweli haikufikia ahadi, ndege ikawa imebeba uzito ambao injini haiwezi, ajali zikafuatana, na baadhi ya Demon zile za kwanza hazikuruka kabisa kwenda popote, zilipakiwa kwenye matishari pale St. Louis zikateremshwa Mto Mississippi mpaka Memphis kwenda kufundishia mafundi. Ndege ya kivita inasafiri kwa tishari! Demon ikaja kuokolewa na injini nyingine, J71 ya Allison, na Westinghouse baadaye ikatoka kabisa kwenye biashara ya injini za jeti.

Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Waingereza na Phantom, maana pale unaona bili nzima imeandikwa.

Phantom ilichorwa kwa ajili ya manowari kubwa za Marekani, ina injini mbili za J79 za General Electric, zile za hewa yote kupita motoni. Waingereza miaka ya 1960 wakaitaka, lakini meli zao, HMS Ark Royal na HMS Eagle, zilikuwa ndogo kuliko zile za Marekani, manati fupi, deki fupi. Wakasema tutaweka injini ya nyumbani, Spey ya Rolls-Royce, ukoo mmoja na ile iliyokuwa inaendesha ndege za abiria za Trident na BAC One-Eleven. Hesabu ilikuwa inavutia, J79 na aftabana ilikuwa inatoa msukumo wa paundi 17,000 na kitu, Spey ikawa inatoa zaidi ya 20,500, na kwa kuwa ni ya feni ingekula mafuta kidogo pia. Siasa nayo ilikuwemo, viwanda vya Uingereza vilitaka kazi, hilo tusijifiche.

Halafu ikaanza bili. Spey ni nene kuliko J79, ikabidi midomo ya kuingizia hewa ipanuliwe kwa karibu asilimia 20 na bodi ya nyuma ichorwe upya. Bodi ikawa nene, upepo ukawa na pa kushika. Matokeo yake Phantom ya Uingereza ikawa inaruka vizuri zaidi toka kwenye deki fupi, inachapa mwendo kuliko dada zake wa Marekani ikiwa chini, na inaenda mbali zaidi kwa tenki lile lile, ila ukiipandisha juu kabisa inazidiwa, spidi ya mwisho imepungua na kimo cha kufika kimepungua. Injini yenye nguvu zaidi, ndege yenye spidi ndogo zaidi! Hapa ndo huwa nawaambia wale wa Mach mbili nukta tatu waje tuongee.

Bili haikuishia hapo. Ili ndege ipate kunyanyuka kwenye manati fupi, mguu wa pua wakaufanya uweze kurefuka kama mita moja, ndege inakaa deki imeinua pua kama jogoo anayetaka kuwika. Sasa pua ikiwa juu mkia uko chini, na moto wa aftabana unaelekea wapi? Kwenye deki. Mwaka 1969 wakati wa majaribio kwenye Eagle walifunga bamba nene la chuma kwa minyororo nyuma ya manati ili deki isiungue. Ark Royal ilibidi iwekewe ngao za kuzuia moto zenye kupozwa na maji, kwenye matengenezo makubwa ya 1967 hadi 1970. Eagle haikufanyiwa ukarabati wa namna hiyo, ikatoka kazini 1972. Kwa hiyo mabadiliko ya injini ya ndege yakawa yanaamua ni meli gani itaendelea kuishi, japo na pesa za serikali na siasa za wakati ule zilichangia.

Na bado. Aftabana ya Spey za mwanzo ilikuwa inachelewa kuwaka. Kwenye uwanja wa ndege ukichelewa kidogo hakuna neno, kwenye meli ukikosa waya kuchelewa huko kunakupeleka majini, basi jeshi la maji likatengenezewa toleo lake, Spey 203, ya kuwaka haraka. Mwisho Phantom za Uingereza zikawa ghali kupita Phantom zote, na jeshi la maji likazirusha kikosi kimoja tu cha mbele, namba 892, kwenye meli moja tu, Ark Royal, mpaka 1978. Utaniuliza je, walikosea? Mimi nasema hapana, si kabisa. Mei 1969 Phantom ya jeshi hilo la maji iliruka New York mpaka London kwa saa 4 dakika 46 na sekunde 57, na kwa kazi ya kupanda toka deki fupi kwenye bahari ya kaskazini yenye dhoruba ilikuwa inafanya kilichotakiwa. Walinunua nguvu ya chini wakauza spidi ya juu. Shida ni kwamba walidhani wananunua tu.

Kisa cha pili kina uchungu zaidi. F-14 Tomcat, ile yenye mabawa yanayojivuta nyuma na kurudi mbele ikiwa angani, iliruka mara ya kwanza Desemba 1970. Ilipewa injini ya TF30 ya Pratt & Whitney ambayo walikuwa nayo tayari toka mradi wa ndege ya F-111, na mpango ulikuwa kwamba TF30 ni ya muda tu, Tomcat chache za mwanzo zitatumia, kisha inakuja injini mpya, F401, zilizobaki zote zinafungwa hiyo. F401 ilirushwa kwenye Tomcat ya majaribio mwaka 1973. Ikawa na matatizo, pesa zikabana, ikafutwa. Ile ya muda ikawa ya kudumu. Nani hajawahi kuona hii? Jengo la muda la ofisi la mwaka juzi liko wapi leo.

TF30 haikuwa injini mbovu kwa ndege iliyokusudiwa, yaani ndege inayokwenda moja kwa moja, rubani anaweka moto mahali pamoja na kutulia. Tomcat ni mpiganaji, rubani anainua pua juu, anakata kona, anarudisha moto anausukuma anarudisha, na TF30 ikifanyiwa hivo inakohoa. Sasa angalia jinsi mambo yanavyobebana, injini za Tomcat zimekaa mbali mbali, katikati kuna nafasi kubwa, na nafasi hiyo ilikuwa na faida zake, inasaidia bodi yenyewe kubeba ndege kama bawa na kuna mahali pazuri pa kuning'iniza makombora. Lakini injini moja ikizima ghafla na nyingine inasukuma kwa nguvu zote toka pembeni, ndege inapigwa kiubavu, inaweza kuingia kwenye kuzunguka bapa kama sahani na kutoka humo ni majaliwa. Marubani wakafundishwa kuwa waangalifu na mkono wa moto, yaani badala ya kuirusha ndege wawaze injini. Mwaka 1984 John Lehman, waziri wa jeshi la maji la Marekani wakati ule, aliliambia bunge lao waziwazi kwamba ndoa ya TF30 na Tomcat ni miongoni mwa ndoa mbaya kabisa za injini na bodi walizopata kwa miaka mingi.

Tarehe 25 Oktoba 1994 Luteni Kara Hultgreen, mwanamke wa kwanza wa jeshi hilo kuwa rubani wa Tomcat, alikuwa anakuja kutua kwenye USS Abraham Lincoln. Alipita kidogo mstari wa katikati, akairekebisha ndege kwa usukani wa mkia, ndege ikaenda kiubavu, hewa ikavurugika kwenye mdomo wa injini ya kushoto, injini ikakata. Spidi ndogo, kimo kidogo, msukumo umebaki upande mmoja. Mwenzake wa kiti cha nyuma alirushwa na kiti akapona, yeye alirushwa sehemu ndogo ya sekunde baadaye, ndege ilikuwa imeshapinduka. Wamarekani walibishana miaka kama kosa ni la rubani au la injini, na mimi huwa naona ule ubishi umekaa vibaya, kwa sababu injini ya ndege ya manowari inatakiwa ivumilie kosa dogo la rubani akiwa polepole. Ndo kazi yake hiyo.

Dawa ilikuwa imeshapatikana, tena zamani. Tomcat ile ile iliyojaribu F401 ilirushwa tena mwaka 1981 na injini ya General Electric yenye damu ya injini ya ndege kubwa ya mabomu ya B-1, na toka humo ikatoka F110-GE-400. TF30 ilikuwa inatoa kama paundi 20,900 kila moja, F110 ikawa kama 27,000. Rubani akaweza kusukuma moto na kurudisha atakavyo bila hofu. Na sasa cheki kitu kizuri, Tomcat mpya ilikuwa na nguvu ya kutosha kuruka toka kwenye manati bila kuwasha aftabana kabisa, mafuta yanabaki, na injini moja ikizima pale mwisho wa manati ndege haipigwi kiubavu kwa ukali ule. Injini ya nguvu zaidi ikaleta safari ndefu zaidi, kwa sababu umeacha kutumia ile sehemu inayomeza mafuta.

Bili ya hapa ilikuwa ndogo kwa upande wa bodi, F110 ni fupi kidogo na ikabidi irefushwe ili nozeli, lile tundu la kutolea moto, ifike ilipotakiwa, na mambo ya hapa na pale. Bili kubwa ilikuwa muda na pesa. Tomcat 712 zilitengenezwa, na zile za aina ya D, kali kabisa, zilizotoka kiwandani mpya zilikuwa 37 tu, nyingine chache zikageuzwa toka A. Nyingi ziliishi na TF30 mpaka zinastaafu, na mwaka 2006 jeshi la maji la Marekani likaistaafisha Tomcat yote.

Nirudi nyumbani kidogo kwa sababu hili la joto na hewa linatuhusu. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na uwanja wa ndege wa Mwanza uko mita 1,147. Hewa ya kimo hiki, kwa joto lile lile, ni nyepesi kwa kama asilimia 12 kuliko ya Dar ufukweni, na injini inakula hewa, ukiipa hewa nyepesi inatoa nguvu ndogo. Joto nalo linafanya hivyo hivyo. Manowari iko usawa wa bahari kwa hiyo kimo hakimsumbui, ila ukiipeleka Ghuba ya Uajemi mwezi wa saba, joto linamla.

Aliyeliwa sana ni Sea Harrier ya Waingereza, ile inayoshuka wima. Ndege ya kawaida ikitua mabawa yanaibeba, hii inabebwa na msukumo wa injini peke yake, hesabu ni ya kikatili, msukumo uzidi uzito, basi. Kwenye bahari za joto toleo la FA2 likawa halina nguvu ya kurudi na makombora ambayo halikuyatumia, ina maana rubani amwage mafuta na atupe majini silaha za bei mbaya ili tu aweze kushuka. Kulikuwa na injini ya Pegasus yenye nguvu zaidi, Harrier za jeshi la anga zikafungwa, lakini kuiweka kwenye Sea Harrier kulihitaji kazi kubwa ya bodi na pesa nyingi, wakapiga hesabu wakaona bora waistaafishe, ikaondoka 2006. Ndege ilikuwa na rada nzuri na makombora mazuri, ikaangushwa na hewa ya moto.

Wale wasio na manati nao wana mtihani wao. Meli ya Urusi, na zile za India zinazobeba MiG-29K, zilijengwa na deki iliyopinda juu mbele, ndege inakimbia kwa nguvu zake yenyewe na kurushwa juu na ule mpindo. Hakuna wa kukusaidia, injini ndo kila kitu. MiG-29K ikapewa RD-33MK, yenye msukumo wa kilo 9,000 toka 8,300 za zamani, ikapunguziwa na ule moshi mweusi uliokuwa unaitangaza ndege toka mbali. Lakini mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ya India alipoandika mwaka 2016 alisema injini 40 zilikuwa zimeondolewa kazini kwa kasoro za usanifu, asilimia 62 ya injini walizokuwa nazo. Msukumo wa ziada una maana gani ikiwa injini iko kwenye sanduku inasubiri kurudishwa kiwandani? Hili la kudumu ndo linalosahaulika kuliko yote, maana halionekani kwenye video.

Na hapo ndo naiheshimu Hornet. F/A-18 ilianza na F404 ya General Electric, paundi 16,000, ndogo, isiyojidai, lakini unaweza kuisukuma moto na kurudisha unavyotaka na haikohoi, na mafundi wanaipenda. Baadaye ikaja F404-GE-402 yenye karibu paundi 17,700, nyongeza ya asilimia 10 hivi, iliyopatikana kwa kuiacha injini ichome kwa joto kubwa zaidi. Kuwait wakachukua Hornet za injini hiyo, na ukijua joto la kule huulizi kwa nini.

Ilipofika Super Hornet mambo yakapanuka. F414 ilitoka humo humo kwenye F404, paundi 22,000, asilimia 35 na ushee zaidi, midomo ya hewa ikageuka kuwa ya pembe nne na mikubwa. Mtu akisikia asilimia 35 anadhani ndege itakuwa roketi. Haikuwa, kwa sababu ndege yenyewe ilikuzwa pia, imebeba mafuta mengi zaidi, na pailoni, vile vishikio vya silaha vya chini ya mabawa, ziligeuzwa kidogo kuelekea nje ili silaha zidondoke bila kugongana, jambo linaloongeza kushikwa na upepo. Kuna marubani wa Hornet ya zamani waliolalamika kwamba mpya ni nzito kuongeza mwendo. Wana haki, ila nguvu ile haikununuliwa kwa ajili ya mwendo. Ilinunuliwa ili ndege irudi melini na zaidi ya paundi 9,000 za mafuta na silaha badala ya kuzitupa baharini, na ili iweze hata kubeba matenki na kuzijaza mafuta wenzake angani. General Electric walishakuja na mapendekezo ya kuiboresha F414, kuna njia ya kuifanya idumu na itumie mafuta kidogo, na kuna njia ya kuongeza msukumo karibu asilimia 20. Super Hornet za Marekani bado zinaruka na paundi zile zile 22,000.

Sasa F-35, ambayo imetuletea bili ya aina mpya kabisa. Injini yake F135 inatoa kama paundi 43,000 na aftabana, moja tu, hakuna ya pili ya kukuokoa, na jeshi la maji ambalo kwa miaka lilipenda injini mbili baharini lilikubali. Tatizo limekuja upande ambao watu wa kijiweni hawautazami, kompyuta na rada. Vitu hivyo vinatoa joto, joto lipozwe, na kupoza kunatumia hewa inayonyonywa toka kwenye injini yenyewe. Mwanzoni ilipangwa kilowati 14 za kupoza, mahitaji yakapita mara mbili ya hapo. Injini ikinyonywa hewa zaidi ya ilivyotarajiwa inabidi ichome moto zaidi kupata msukumo ule ule, na ikichoma moto zaidi inachakaa haraka, inarudi karakana kabla ya wakati. Yaani umeboresha rada, injini imezeeka.

Kulikuwa na dawa mbili. Moja, injini mpya kabisa zinazoweza kubadili zenyewe kiasi cha hewa kinachopita pembeni, ikihitaji nguvu inapeleka kwenye moto, ikihitaji kwenda mbali inapitisha nje, General Electric wakaijenga XA100 na Pratt & Whitney XA101. Nyingine, kuboresha kiini cha F135 hii hii. Ile ya kwanza ilikuwa tamu mno ila haikuingia kwenye F-35B, ile ya kushuka wima wanayotumia Marine wa Marekani, wale askari wa kushambulia toka baharini, na Waingereza, kwa sababu F-35B ina feni ya kuinulia nyuma ya rubani inayozungushwa na shafti toka kwenye injini, na hakuna nafasi ya kuchezea. Mwaka 2023 Marekani ikachagua kuboresha kiini. Wapo waliolia kwamba ndege moja ya kushuka wima imewanyima wengine wote injini bora, na ukiangalia kwa jicho la jeshi la anga ni kweli. Lakini kuwa na injini mbili tofauti kwenye familia moja ya ndege, vipuri viwili, mafundi wa aina mbili, na meli inayotakiwa kubeba vyote chini ya deki, hapana, pale mimi nawaelewa waliokataa. Tayari injini ya F135 ni kubwa kiasi kwamba moduli yake kuu haikuingia kwenye C-2, ndege ya zamani ya kupeleka mizigo melini, ikabidi kazi hiyo ifanywe na CMV-22 yenye rota za kugeuka.

Na jeshi la maji lenyewe limeshaonyesha linaelekea wapi kwa ndege inayofuata, F/A-XX. Wakati jeshi la anga linafukuzia zile injini za kujibadilisha kwa ndege yake mpya, wakubwa wa jeshi la maji walisema mwaka 2025 kwamba ya kwao itatumia injini iliyotokana na iliyopo, na walichotaja cha kujivunia kilikuwa masafa, asilimia 25 zaidi ya sasa. Mtandaoni watu wamewacheka, wanasema ni uoga. Mimi nikikumbuka zile Demon kwenye tishari na ile TF30 ya muda iliyokaa miaka zaidi ya 30 naona ni watu walioungua mara mbili, ingawa nakubali asilimia 25 si nyingi kwa ndege itakayotakiwa kufika mbali na makombora ya China yanayowinda meli, na kama injini iliyopo itashindwa kutoa umeme wa kutosha na kupoza rada za miaka 20 ijayo watajikuta palepale F-35 ilipo leo.